Mwenye Picha ni Nani?

Kila inapozungumzwa habari ya filamu za ngono, watu wetu hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba jambo hilo ni la kigeni, kwamba halituhusu, na kwamba dawa yake ni kufumba macho. Kundi la pili, ambalo aghalabu ni la wale waliolewa ustaarabu wa mijini, husema kwamba sanaa haina mipaka na kwamba anayekasirika ni mshamba. Sisi tunaona kwamba makundi yote mawili yamekosea, na yamekosea kwa sababu moja: yote yanamtazama aliyevuliwa nguo, wala hakuna linalomtazama aliyeshika kamera.

Katika insha hii tunakusudia kumtazama huyo mwenye kamera. Tunataka kuuliza ni kwa njia gani mtu aliyeanza kazi yake kwa kupiga picha za heshima huishia kuongoza filamu ambazo mzazi hawezi kuzitazama pamoja na mwanawe. Tunauliza hivyo si kwa udadisi wa mambo ya Ulaya, bali kwa sababu njia hiyo imepita katika Afrika ya Mashariki, na leo inapita katika vijiji vya Mkoa wa Singida, mikononi mwa vijana wetu wenye simu.

Tuanze na Mfaransa mmoja ambaye maisha yake yanajulikana. Just Jaeckin alizaliwa katika mji wa Vichy mwaka 1940. Alikuwa mpigapicha wa mitindo ya mavazi, na picha zake zilitokea katika magazeti ya wanawake. Alijua mwanga, alijua rangi, alijua namna ya kumsimamisha binadamu mbele ya kamera hata kitambaa alichovaa kikatamaniwa na mnunuzi. Mwaka 1974 alikabidhiwa kuongoza filamu yake ya kwanza ndefu, iliyoitwa Emmanuelle, habari za mke kijana wa mwanadiplomasia wa Kifaransa anayekwenda Bangkok na kufundishwa huko kwamba mapenzi hayana mwiko. Filamu hiyo ilitazamwa katika Ufaransa peke yake na watu karibu milioni 9. Baada ya hapo Jaeckin aliongoza nyingine za jamii hiyo, ikiwamo Histoire d'O ya mwaka 1975 na Gwendoline ya mwaka 1984, kisha akaiacha senema na kurudia uchongaji na upigaji picha hadi alipofariki mwaka 2022.

Wapo watakaosema kwamba mtu huyu alibadilika, kwamba aliacha kazi njema akashika kazi mbaya. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Jaeckin hakubadilisha kazi; alibadilisha bidhaa. Katika gazeti la mitindo mwili wa mwanamke ulitumika kuuza gauni. Katika filamu gauni liliondolewa, na mwili wenyewe ukawa ndio unaouzwa. Ufundi ulikuwa ule ule, na mnunuzi alikuwa yule yule aliyekwisha kuzoezwa kutazama na kutamani. Ustadi wa mtu huyu hatuupingi. Lakini ustadi ni kama jembe: hapana budi kuuliza linalima shamba la nani.

Na tutazame pia kilichofanywa juu ya nchi ya watu. Mhusika mkuu wa filamu hiyo ni Mzungu, ambaye nafasi yake iliigizwa na Mholanzi, Sylvia Kristel. Wathai, ambao nchi ni yao, wamewekwa humo kama watumishi, kama mapambo, na katika tukio moja kama wabakaji. Nchi nzima yenye dini yake na historia yake ya karne nyingi imegeuzwa kuwa pazia la nyuma, mfano wa lile pazia lenye mandhari ya bahari ambalo mpigapicha wa mtaani hulitundika ukutani.

Biashara ilipoonekana kuwa na faida, wengine waliikimbilia, na safari hii pazia lilitundikwa kwetu. Mwaka 1975, miaka 12 tu baada ya uhuru wa Kenya, Mwitalia Bitto Albertini, ambaye naye alikuwa mshika kamera kabla ya kuwa mwongozaji, alikwenda Kenya na kutengeneza filamu iliyoitwa Emanuelle nera, yaani Emanuelle mweusi. Jina liliandikwa kwa herufi moja ya m badala ya mbili, ili mwizi asishikwe na mwenye mali. Mwigizaji mkuu, Laura Gemser, hakuwa Mwafrika. Alizaliwa katika kisiwa cha Java, Indonesia, akalelewa Uholanzi. Kwa wafanyabiashara hao weusi ulikuwa weusi tu, hata ukitoka Asia. Na katika hadithi mhusika huyo amepewa kazi gani? Ni mpigapicha wa gazeti, anayetumwa Nairobi, anapokewa na Wazungu matajiri, na anaizunguka nchi akiwa na kamera shingoni. Wakenya wenyewe, waliokuwa wametoka katika mapambano ya damu kwa ajili ya ardhi yao, wamesimama pembeni.

Baada ya Albertini akaja Mwitalia mwingine, Aristide Massaccesi, aliyejulikana zaidi kwa jina la kubuni la Joe D'Amato. Maisha ya huyu ni somo kamili. Aliingia katika senema akiwa kijana, katika miaka ya 1950, miongoni mwa kazi zake za mwanzo ikiwa kupiga picha za mnato mahali filamu zinapotengenezwa. Akapanda akawa mshika kamera, kisha mkuu wa kamera aliyeheshimiwa, kisha mwongozaji. Akaichukua ile Emanuelle nyeusi na kuipeleka Bangkok, Marekani, na kwingineko, na kila filamu ikawa kali kuliko iliyotangulia, kwa sababu mtazamaji aliyeshiba jana huhitaji kitu kikali zaidi leo. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake, kabla ya kufariki mwaka 1999, alikuwa akitengeneza filamu za ngono zisizo na kificho, moja baada ya nyingine, mithili ya kiwanda cha matofali. Naye Laura Gemser, baada ya miaka ya kuvuliwa nguo mbele ya kamera, aliendelea katika senema kama mbunifu wa mavazi. Wenye kupenda kutafakari na watafakari juu ya hilo.

Tumeeleza habari za watu hawa watatu ili kuthibitisha jambo moja. Kati ya picha ya mnato na filamu ya ngono hakuna ukuta ambao mtu huuruka siku moja. Ipo ngazi, na kipandio cha kwanza ni pale mwenye kamera anapoanza kuamini kwamba kumwona mtu ni kummiliki.

Msidhani kwamba kipandio hicho kilijengwa Ulaya tu. Kilijengwa pia katika nchi zetu chini ya ukoloni, na Singida ina sehemu yake katika historia hiyo. Mkalama, ambayo leo ni wilaya, ilikuwa na boma la Wajerumani. Kutoka hapo, mwaka 1911, mwanajiografia Erich Obst alikwenda katika nchi ya Wahadzabe, na mwaka uliofuata akachapisha habari za safari hiyo kwao Ujerumani. Katika miaka ya 1930 alikuja Ludwig Kohl-Larsen, mwanachama wa chama cha Nazi, akachimba mapango karibu na Ziwa Eyasi na kukusanya hadithi nyingi za Wahadzabe na Wanyisanzu, ambazo zilichapishwa kwa Kijerumani. Hatusemi kwamba watu hao wawili walikuwa wauza uchi. Tunasema kwamba walikuwa sehemu ya utaratibu ambao ndani yake Mwafrika alitazamwa, alipimwa, aliandikwa na kupigwa picha, kisha vyote hivyo vikapakiwa katika meli, wala yeye hakuulizwa vinakwenda wapi. Ni utaratibu huo huo uliozaa zile kadi za posta za zama za ukoloni, zenye wanawake wa Kiafrika waliokuwa vifua wazi, ambazo Mzungu aliyekatazwa na kanisa lake kutazama mwili wa Mzungu mwenzake aliweza kuzinunua bila haya, kwa kuwa aliambiwa kwamba hiyo ni elimu.

Hapa ndipo wale wa kundi la pili hutucheka na kusema: "Mbona babu zenu walitembea nusu uchi? Mnalilia staha gani?" Swali hilo linastahili jibu.

Ni kweli kwamba wazee wetu hawakuuchukia mwili. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mwili ulikuwa na mahali pake na wakati wake. Mkunga aliuona, mganga aliuona, kungwi aliuona na kumfundisha mwali juu yake bila kuficha neno, na mwisho wa yote mwosha aliuona. Lakini kila mmoja wa hao alifungwa na mwiko. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha atakayeitangaza hatapewa tena maiti wa kuosha katika kijiji hicho. Hiyo ndiyo staha ya Kiafrika. Haikuwa wingi wa nguo, bali ilikuwa amana kati ya anayeonwa na anayeona. Mwanamke wa Kihadzabe aliyevaa ngozi mbele ya jamaa zake hakuwa uchi. Alifanywa uchi siku ile picha yake ilipofika mahali ambapo hakuna aliyemjua jina, wala mama yake, wala mwiko wowote uliomlinda.

Kamera, kwa hiyo, ni jicho lisilokuwa na mwiko isipokuwa ule ambao mwenye kuishika amejiwekea. Haiwezi kusahau kama binadamu anavyosahau, wala haiwezi kunyamaza kama mkunga anavyonyamaza.

Hata leo jambo hili halijakwisha. Wahadzabe wanaishi pande zote za Ziwa Eyasi, wengine katika Mkalama yetu, na hasa upande wa Mang'ola, Wilaya ya Karatu, wageni hupelekwa kila msimu kuwapiga picha wakiwinda na kucheza. Ikiwa wenyewe wamekubali, wamelipwa kwa haki na wanajua picha zinakwenda wapi, hiyo ni kazi yao na hatuna la kusema. Lakini ikiwa mkataba ni kati ya dereva na mgeni peke yao, basi kadi ya posta ya mkoloni bado inauzwa, ila sasa inauzwa kwa rangi.

Sasa tugeukie namna taifa lilivyopambana na tatizo hili. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kusudi lilikuwa kurudisha heshima ya Mwafrika iliyodharauliwa na mkoloni. Lilikuwa kusudi jema. Lakini mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, nani alisumbuliwa barabarani Dar es Salaam? Alikuwa msichana. Wafanyabiashara walioingiza magazeti ya picha hawakufukuzwa mitaani na kundi la vijana, wala hakuna aliyewazomea waliokuwa wakiyanunua na kuyasoma. Kasumba ya kigeni ilipigwa vita katika goti la binti wa watu, na kamera iliyoileta ikapita salama.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, ilikwenda mbele zaidi, kwani ilimtazama mtengenezaji na mwonyeshaji. Iliweka utaratibu wa vibali na ukaguzi. Lakini sheria hiyo iliandikwa wakati filamu ilikuwa mkanda mzito unaosafirishwa katika makopo ya bati na kuonyeshwa katika ukumbi wenye mlango mmoja. Siku hizi kila kijana wa Kiomboi, Manyoni au Ikungi aliye na simu ana kamera, ana ukumbi, na ana watazamaji wasiohesabika, bila kibali cha bodi yoyote. Ndiyo maana Bunge lilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, inayoharamisha kusambaza picha za ngono kwa kompyuta na simu, na kutaja kwa namna ya pekee picha za watoto. Na mwaka 2022 likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria tunazo. Tunalokosa ni moyo wa kuzielekeza mahali panapostahili.

Tuchukue mfano, ambao walimu watautambua bila sisi kutaja shule. Mvulana anamwomba msichana wa kidato cha tatu picha, kwa ahadi ya mapenzi. Anaipata. Baada ya ugomvi anaituma kwa wenzake, na kwa siku mbili imezunguka bweni zima, imevuka barabara, imefika sokoni. Je, nani anaitwa ofisini? Mzazi wa nani anaambiwa aje amchukue mwanawe? Nani anahamishiwa kwa shangazi yake wilaya nyingine, na masomo yake kuishia hapo? Ni msichana. Na yule mvulana? Anaitwa mjanja. Wale arobaini waliotazama na kutuma tena, wakiwemo watu wazima, hawaitwi jina lolote.

Mvulana huyo hajawahi kusikia jina la Just Jaeckin wala la Joe D'Amato. Lakini amepanda ngazi ile ile waliyoipanda, na ameipanda kwa siku mbili badala ya miaka ishirini. Alianza na picha aliyopewa kwa amana, akaishia kuwa mwenye ukumbi wa senema. Na shule inayomfukuza aliyepigwa picha na kumwacha aliyeisambaza haiutetei utamaduni wetu hata kidogo. Inafanya kazi ya karani wa mauzo kwa mfanyabiashara wa uchi, kwa sababu biashara hiyo haiwezi kudumu isipokuwa aibu yote ikibebwa na mmoja na furaha yote ikichukuliwa na wengine.

Wapo watakaotujibu kwamba msichana alikubali, na kwamba hata waigizaji wa filamu hizo hukubali na hulipwa. Tunajibu hivi. Kwanza, sheria yetu inamhesabu mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mtoto hana ridhaa ya kuuza katika jambo hili. Pili, hata kwa mtu mzima, aliyekubali kuonwa na mmoja hajakubali kuonwa na elfu, na aliyekubali leo hakuuza miaka yake yote ijayo. Tatu, ridhaa inayopatikana kwa njaa au kwa vitisho ina jina lake la zamani, nalo ni unyonyaji. Hatukupinga mirija ya wanyonyaji katika mashamba na viwanda ili tuje kuisifu inapochomekwa katika mwili wa mtu.

Wengine watasema kwamba tunaichukia kamera. Hasha. Nendeni Singida mjini mkamtazame mpigapicha wa studio ndogo, mwenye kiti kimoja, taa mbili na pazia lililochorwa. Mteja anaingia akiwa amevaa nguo yake ya sikukuu. Anasema anataka kusimama au kukaa, peke yake au pamoja na mchumba wake. Anachana nywele. Anaitazama picha, akiipenda analipa na kuondoka nayo, na ile anayoikataa haitolewi. Katika chumba hicho kidogo mwenye picha ni aliyepigwa picha, na mwenye kamera ni fundi wake. Sanaa nzima ya picha katika taifa letu ingeweza kujengwa juu ya kanuni hiyo. Na imewahi kujengwa: filamu Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, inasimulia habari za mwanamke mgonjwa anayeogopa tiba za jadi, na inauonyesha mwili wake katika maumivu na katika kupona bila kumfanya kuwa kitoweo cha macho ya watu.

Mkoa wa Singida unamkumbuka Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani hadi alipouawa mwaka 1908, na ambaye simulizi za wazee zinasema aliwapiga kwa nyuki. Uwanja wa michezo wa mjini Singida unaitwa kwa jina lake. Hakuna anayeuliza alikuwa na sura gani. Watu wanamjua kwa alilolitenda. Binti wa leo katika mkoa huo huo anastahili kujulikana kwa njia hiyo hiyo, wala asihukumiwe maisha yake yote kwa picha moja ambayo mwingine aliiuza.

Kwa hiyo tunawaomba walimu waache desturi ya kulizungumza jambo hili kwa minong'ono. Wachukue picha yoyote, ya gazeti, ya tangazo, ya filamu au ya simu, na wawafundishe wanafunzi kuiuliza maswali matatu: Ni nani aliyetaka ipigwe? Ni nani anayefaidika nayo? Na ikienea, ni nani atakayebaki na aibu? Pale ambapo majibu matatu yanamtaja mtu mmoja, picha hiyo ni yake na tumwachie. Pale ambapo wa kwanza na wa pili ni mwenye kamera, na wa tatu ni aliyepigwa picha, hapo pana unyonyaji, hata mwanga uwe mzuri namna gani.

Nanyi wanafunzi, hasa wavulana, msingoje sheria iwafikie. Picha ya mwenzako ikiingia katika simu yako, wewe umekwisha kuwa mwosha. Ifute, wala usiitume. Kisha nenda kwa mwalimu unayemwamini, useme jina la aliyeisambaza, uliache jina la aliyemo ndani yake.